Bibi na Mpira wa Nukta Moja

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia mtoto wa kaka yangu pale Tangini, Kibaha, nikamkuta ndiyo kwanza anatoa mashine mpya ya gemu kwenye boksi. Wee! Kijana hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu. "Shangazi, shikamoo, njoo uone, hii ni balaa!" Nikavutwa mkono mpaka mbele ya televisheni pana kuliko mlango wa jikoni kwangu. Wachezaji wa mpira wanatoka jasho, nyasi zinalala upepo ukipita, na kule jukwaani kila shabiki ana sura yake. Akanieleza nguvu za mashine ile kwa hesabu ambazo sikuzielewa, nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Sasa nguvu zote hizo, mchezo wenyewe umekuwa mtamu zaidi?" Akaniangalia kwa huruma. "Shangazi, hilo nalo ni swali?"

Ni swali, rafiki yangu, tena swali zuri. Mimi nililipatia jibu nikiwa bado nasoma shule ya msingi, hapo hapo Tangini, kwenye sebule ya jirani yetu, na tangu wakati ule sijaona mchezo uliowahi kunipandisha mori kama ule. Hebu kaa nikusimulie, halafu uamue mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ya foleni. Sabuni ikiadimika tulifulia majani ya mpapai. Ugali ulikuwa wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano, na chai ilikuwa ya mchaichai isiyo na sukari, tukaizoea hivyo hivyo. Sisi watoto tulijua tu kwamba jioni kuna kucheza. Tulicheza rede, tulicheza ukuti, tulipiga mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba za katani mpaka mama zetu wakapaza sauti. Kituo cha televisheni huku bara hakikuwapo hata kimoja. Lakini jirani yetu alikuwa fundi wa mitambo melini, mtu wa Tabora, Mnyamwezi wa kujitangaza, na kila safari alirudi na vitu tusivyojua hata majina yake.

Safari moja alirudi na televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, pamoja na kijisanduku chenye vishikio viwili vya kuzungusha. Ukikiwasha, kioo kinakuwa cheusi tii. Kushoto kijiti cheupe, kulia kijiti cheupe, na katikati nukta. Basi. Nukta ikigonga kijiti inalia pi! Ikigonga ukingo, po! Ikipita kijiti inalia vibaya kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, na hilo ndilo goli. Hiyo ndiyo mashine nzima, na sisi tuliipenda kufa. Watoto wa mtaa mzima tulijazana kwenye sebule ile, ndala rundo mlangoni, chumba kinanuka jasho na mafuta ya nazi, na mke wa jirani akitupitishia sinia la mihogo ya kukaanga. Kushika kishikio kulikuwa kwa zamu, na zamu za wasichana zilikuwa na tabia ya kufika wakati magharibi inaadhiniwa. Kwa hiyo mimi mara nyingi nilikuwa mtazamaji.

Mwaka huo huo Bibi, mama yake mama, aliletwa kwetu kutoka Msimbu, kule Kisarawe, kwa sababu ya macho. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Daktari wa macho alikuwa anakuja hospitali kwa misimu, akampima akasema mtoto wa jicho bado hajakomaa, asubiri mpaka safari yake nyingine, baada ya mvua kuanza, ndipo atamtoa. Bibi hakuipenda habari hiyo. Hakuipenda Kibaha pia. Alisema nyumba za saruji hazinuki kitu, na kwamba mtu anaamka asubuhi hajui kama yuko kwake au yuko dukani. Kila siku alitoka barazani akanusa hewa kutafuta mvua, maana mpunga wake Msimbu ulikuwa unataka kupandwa. Na mama aliiogopa mvua hiyo hiyo. Bibi akirudi Msimbu na barabara ikishaharibika, hatoki tena. Daktari atakuja, atakwenda zake, na Bibi atabaki gizani.

"Wewe kazi yako ni Bibi," mama aliniambia. "Asikae mpweke, na asifunge mzigo."

Basi jioni nikawa namshika mkono nakwenda naye kwa jirani. Siku ya kwanza aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akasikiliza zile pi na po kwa muda. Kisha akauliza kuna nini.

"Nukta inakwenda kushoto, Bibi. Sasa inakwenda kulia."

"Nukta ndiyo nini? Nani anaipiga?"

Nikataka kusema ni kijiti. Lakini nilimtazama usoni, alivyokuwa amekaza shingo akisubiri, nikaona haya kumwambia kwamba watoto wote hawa wanapiga kelele kwa ajili ya kijiti. Nikasema, "Ni Mrefu wa Chole, Bibi. Anachezea Kisarawe."

"Mrefu kiasi gani?"

"Akisimama golini anainama asigonge mwamba."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nikawa nimeanza, na sikujua kunyamaza. Nilikuwa nimelelewa na redio ya betri ya baba, nikilala chini ya meza Jumamosi nikisikiliza mechi, kwa hiyo sauti ya mtangazaji nilikuwa nayo tayari, ilikosa kazi tu. Kijiti cha kushoto kikawa Kisarawe, cha kulia kikawa Kibaha. Kibaha nikawapa kipa mnene, Fundi Baiskeli, mwenye mikono ya grisi, mpira unamteleza. Kisarawe walikuwa na Mrefu, na nyuma yake Muuza Korosho, ambaye alikuwa na mbio lakini mawazo yake yako sokoni. Watoto mwanzoni walinicheka. Baadaye wakaacha kucheka, wakaanza kushangilia majina. Baadaye kabisa, nikiugua mafua sauti imekauka, walikataa kuwasha mashine.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo utamu ulipo. Siku moja nilitangaza kwamba Mrefu ameumia goti. Lilinitoka tu mdomoni. Aliyekuwa ameshika kishikio cha Kisarawe akaanza kukizungusha polepole, kijiti kikawa kinachechemea! Hakuna aliyemwambia. Chumba kikalipuka. Kuanzia hapo ikawa sheria ya sebule ile: likishatangazwa, limetokea. Nikisema mvua imenyesha uwanjani, wote wawili wanacheza kwa kuteleza. Nikisema refa amepuliza filimbi, vishikio vinatulia. Wapo waliobisha kwamba ni upuuzi, wakatolewa nje wakale mihogo yao barazani. Na Bibi, asubuhi yake, akinywa chai ya mchaichai, ananiuliza kwa sauti ya wasiwasi wa kweli, "Mke mwenzangu, yule mtoto wa Chole goti lake limeamkaje? Mwambieni akande na maji ya mwarobaini." Alikuwa ameacha kunusa mvua. Mama alinipa nyama yake kwenye mboga siku hiyo, bila kusema kwa nini.

Halafu jirani akaenda safari nyingine, akarudi na maajabu.

Sitaki kudanganya, ile mashine ya pili ilikuwa nzuri. Kwanza televisheni kubwa ya rangi. Kisha mashine yenyewe, ambayo unachomeka kaseti juu yake na mchezo unatoka kwenye kaseti. Uwanja wa kijani! Wachezaji wenye vichwa, wenye miguu, wekundu kwa wa bluu, na mashabiki wakivuma kama mvua juu ya bati. Ilipowashwa mara ya kwanza nilisisimka mwili mzima, na mwenzangu mmoja alilia. Kijana wa jirani, mwanawe mkubwa, ambaye hakuna aliyemfunga kirahisi, akasema, "Ile ya nukta ilikuwa takataka, hii ndiyo ina nguvu." Wote tukaafiki. Ya zamani ikapelekwa stoo, ikaegemezwa nyuma ya magunia ya mkaa.

Nikafungua kinywa nitangaze. "Anapata Mrefu wa Chole, anakwenda..."

"Muongo! Mrefu yuko wapi? Wote wako sawa!"

Ilikuwa kweli. Walikuwa na miguu, lakini wote walikuwa na miguu ile ile. Nilijaribu kusema kipa ameteleza, wakanionyesha kwa kidole kwamba hajateleza, amesimama pale, hebu tazama. Kila kitu kilikuwa kinaonekana na hakuna aliyetaka kuambiwa. "Nyamaza tuone," wakasema. Nikanyamaza. Sebule nzima ikanyamaza, macho kwenye kioo, ila ule mvumo wa mashabiki wa ndani ya mashine. Bibi mkekani akawa anageuza shingo huku na huku. "Wanashangilia nini? Nani amefunga?" Hakuna aliyemjibu, na mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa hasira. Baada ya jioni chache kama hizo akasema miguu inamuuma, hatakwenda tena.

Siku moja natoka shule namkuta amefunga mzigo. Kanga zake, mkeka umeviringishwa, kikapu kimeshonwa mdomo. Hewa ilikuwa inanuka mvua, hata mimi niliisikia. Mama alikuwa jikoni anatwanga kisamvu kwa nguvu isiyo ya kisamvu, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kesho naondoka," Bibi alisema. "Huyu mtoto wa jicho hana haraka. Mpunga una haraka. Nishike mkono nikamuage mtani wangu."

Unaujua utani wa Mzaramo na Mnyamwezi. Ni wa tangu enzi za misafara, wazee wa Kinyamwezi walipofika pwani na mizigo kichwani. Mtani akikuvua kofia barabarani unacheka. Akichukua kuku wako unamwuliza tu unamkomboa kwa kitu gani. Ukikasirika, hujajiaibisha wewe peke yako, umewaaibisha mpaka babu zako. Jirani na Bibi walikuwa wakitoleana maneno tangu siku ya kwanza, na siku hiyo jirani alikuwa nyumbani, anakunywa chai, vijana wako mbele ya kioo kimya.

"Shikamoo, Bibi wa Kizaramo. Ngoma zimekwisha kwenu hata unatembea mchana?"

"Marahaba, mtumwa wangu. Nimekuja kukutazama, Mnyamwezi na bahari wapi na wapi? Wazee wako walionja maji ya chumvi wakalia."

Wakacheka. Kisha Bibi akaniinamia sikioni. "Roho ya hii mashine iko wapi?" Nikamwambia iko kwenye kaseti, inachomekwa juu. "Nipeleke." Nikampeleka bila kujua anataka nini, nakuapia. Akapapasa, akaishika, akaing'oa! Kioo kikawa chenga tupu. Vijana wakapiga yowe, na Bibi akaifunga ile kaseti kwenye pindo la kanga, akaenda zake mkekani, akaikalia.

"Nimeteka," akasema.

Jirani alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye msuli. Kijana wake alikuwa amesimama, mishipa imemtoka, lakini angefanya nini? Utani ni utani. Jirani akaenda ndani akarudi na kilo ya sukari. Sukari, rafiki yangu, nyeupe, kwenye mfuko wake. Mama alikuwa amefika mlangoni kututafuta, nikaona macho yake yamegandia pale.

"Haya, Bibi, kaseti yangu naikomboa kwa hii."

"Sukari itanimaliza meno, na yenyewe yamebaki machache. Mimi nataka mpira wangu. Mtoto wa Chole goti lake lilikuwa linapona, nyie mmemfungia kwenye mkaa!"

"Bibi, ile mashine haina nguvu," kijana akasema, karibu alie.

"Nguvu za nini? Mnataka kubeba gunia?"

Hapo ndipo Bibi alipoweka masharti, na mpaka leo sijui alikuwa anatania au la. Mechi moja, Kisarawe na Kibaha, ya kufikisha magoli kumi. Kishikio cha Kisarawe nishike mimi, na huku nikitangaza. Kisarawe ikishinda, yeye anakaa mpaka daktari aje. Ikifungwa, kesho yuko Msimbu na jembe. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshikilia mlango kwa mikono miwili.

Mashine ikatolewa stoo, ikapulizwa vumbi la mkaa, ikaunganishwa kwenye ile televisheni kubwa ya rangi, na nukta yetu ikatokea kubwa kama chapati. Kijana wa jirani akashika kishikio cha Kibaha. Hakutaka mzaha, alikuwa ameaibishwa. Alinifunga magoli mfululizo mimi nikihangaika kuzungusha na kusema kwa pamoja, nafsi inanitoka. Halafu mdomo ukakumbuka kazi yake na mkono ukaufuata. "Anarudi uwanjani Mrefu wa Chole, goti limefungwa kitambaa, watu wa Maneromango wamesimama..." na watoto wakasimama kweli! Pi! Po! Pi! Wakaanza kuimba majina. Jirani mwenyewe akasahau kwamba amesimama na kilo ya sukari mkononi, akawa anaipunga. Nikasawazisha. Akaongeza, nikasawazisha tena, mpaka ikawa tisa kwa tisa na koo langu linawaka.

Nukta ilikuwa inakwenda kwake, na nilijua ataifikia. Alikuwa hodari kuliko mimi, hilo halina ubishi. Nikapiga kelele kwa sauti iliyobaki, "Fundi Baiskeli amejipaka grisi, anateleza, anateleeeza, yuko chini!"

Likishatangazwa, limetokea. Nilimwona yule kijana akinitazama, akamtazama mama pale mlangoni, akaiangalia nukta. Angeweza kuzungusha. Mkono wake ukatulia juu ya kishikio, na bega lake likainama, kama mtu aliyeteleza kweli. Mbuzi akalia.

Sikumbuki yaliyofuata kwa mpangilio. Nakumbuka nimebebwa juu juu, nakumbuka mama anacheka na kulia, nakumbuka mfuko ulichanika, sukari ikamwagika mkekani na watoto wakaiokota kwa vidole vilivyolowa mate. Bibi alirudisha kaseti akiinung'unikia. Nyumbani akakifumua kile kikapu mwenyewe, kwa kupapasa.

Mvua ikaanza, daktari akaja, mtoto wa jicho akatolewa. Bibi alikaa na bendeji, kisha akapewa miwani mizito ya kuyafanya macho yake yawe makubwa kama ya bundi. Alimtazama mama kwa muda mrefu akamwambia amekonda. Alinitazama mimi akasema, "Kumbe mweusi hivi, mke mwenzangu, mume wetu atakupenda kuliko mimi." Furaha ya nyumba ile siwezi kuieleza. Lakini jioni alisimama akachukua kanga akisema twende mpirani, naye sasa anaona. Njia nzima nilitafuta maneno.

Sebule ilikuwa imejaa. Kijana wa jirani aliwasha ile ya nukta, kwa heshima yake. Bibi akaketi, akaweka miwani sawa, akatazama. Kijiti, kijiti, nukta. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akajisogeza mbele karibu na kioo. Wote tulijua anamtafuta nani.

Akarudi nyuma taratibu. Akavua miwani, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akafumba macho.

"Haya, tangaza," akasema. "Mtoto wa Chole hawezi kucheza mkiwa kimya."

Nilitangaza jioni ile, na nikatangaza jioni nyingi mpaka barabara ya Msimbu ilipokauka akarudi kwake. Likizo nilipomfuata huko nilimkuta na wenzake wanamenya mihogo, anawasimulia kuhusu mchezaji mmoja mrefu ajabu aliyemwona Kibaha. Mmoja akabisha. Bibi akamgeukia na yale macho makubwa, "Unanibishia mimi niliyetolewa mtoto wa jicho?"

Bibi amelala Msimbu miaka mingi sasa. Jirani alirudi Tabora, nyumba yake imevunjwa, pamejengwa fremu za maduka. Mashine zote mbili, ya nguvu na isiyo na nguvu, sijui ziliishia wapi, na sizitamani. Ninachokitamani ni kile kitambo kidogo cha kabla ya mpira kuanza, watoto wote wamenigeukia mimi badala ya kioo, na Bibi amefumba macho, anangoja nimwambie nani yuko uwanjani.